Mwalimu Dastani na Sifuri Aliyoipenda

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Mwalimu Dastani Filbert alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 hapa Mnero, wilayani Nachingwea, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Filbert na Mama Dorotea, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, kisha sekondari, na mwaka 2000 akahitimu ualimu na kupangiwa Chinongwe, wilayani Ruangwa, ambako aliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kuandika kwa kuwashika mkono, mmoja baada ya mwingine.

Tarehe 7 Juni 2003 alifunga ndoa na Getruda, wakajaliwa watoto wawili, Klementina na Gabrieli.

Tarehe 19 Agosti 2017 mkanda wa mashine ya kusaga ulimkata mkono wa kulia, na Februari 2019 madaktari nchini India wakamuunganishia mkono wa kijana aliyefariki ajalini, kwa ridhaa ya wazazi wake. Aliporudi kushika chaki, herufi zake zilipinda kuliko za wanafunzi, wakamcheka, naye akacheka nao.

Tangu hapo mwili wake ungeweza kuukataa mkono ule wakati wowote, na dalili huanzia kwenye ngozi, kwa hiyo madaktari walikata kipande kidogo, wakakitazama kwa hadubini na kukipa daraja, kuanzia sifuri, yaani ngozi salama, hadi nne, yaani ngozi inayokufa. Yeye aliyekuwa akiandika sifuri kwenye daftari la mtoto kwa huzuni, sasa akaisubiri kama zawadi.

Oktoba 2022, msimu wa korosho, mkono ulitoka mabaka mekundu, akasema ni utomvu wa korosho tu, akavaa mashati ya mikono mirefu siku tisa, hadi Getruda alipomkunjia shati na kumwambia kwamba mikono yote miwili imeokota korosho zile zile, mbona wa kushoto ni safi. Lilikuwa daraja la tatu. Alitibiwa Dar es Salaam, mkono ukapona, na aliporudi alisimama mbele ya darasa akawaeleza watoto kosa lake, ili wasione aibu kusema wanapoumwa.

Aprili mwaka huu, 2025, alipatwa na homa ya mapafu, ikabidi dawa za kuulinda mkono, zinazoshusha kinga ya mwili, zipunguzwe ili mwili upambane, na kila asubuhi aliulizia jibu la ngozi kabla ya kuulizia la kifua. Alifariki Jumapili, tarehe 11 Mei. Jibu lilifika kesho yake, nalo lilikuwa sifuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mnero, walimu na wanafunzi wa Chinongwe, na wazazi wale wa mbali tusiowajua majina, ambao mkono wa mtoto wao unalala leo katika udongo wetu.

Mwalimu, na wewe kijana, pumzikeni kwa amani, nyote wawili.