Kalunde, Aliyeteremka wa Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kyumbi mkichoma mahindi barabarani, mlio Kithyoko kule karibu na Tana, sogeeni. Leo tunamkumbuka Kalunde Wambua wa vilima vya Mua. Kalunde aliyeteremka Mlima Kenya kwa baiskeli, na tawi nyuma. Ndiyo, tawi! Msicheke kwanza.

Mamake, Nzisa, alilima avokado, na Kalunde alizishusha Kyumbi kwa blakmamba, ile baiskeli nzito isiyo na gia. Mteremko wa Mua mnaujua. Breki zikichoka, ni wewe na Mungu wako. Ndiyo maana kila asubuhi Nzisa alifunga tawi la mti wa mukau nyuma ya baiskeli, liburute chini na kupunguza mwendo. Mumewe alishuka siku moja bila tawi, na hakurudi nyumbani. Nzisa hakusahau.

Basi mwaka wa 1999, kampuni moja ikatafuta watu wa kuongoza wageni kuteremka Mlima Kenya kwa baiskeli. Kalunde akaruka kwa furaha! Mamake akakataa katakata.

"Nilimwambia, hiyo si kilima, hiyo ni mlima ilikuwa inatapika moto," Nzisa alituambia juzi. "Akanijibu, 'Mwaitu, mama yangu, moto ulizima kitambo.' Huyo mtoto wangu alikuwa na mdomo, wacha tu!"

Mwishowe mama akalegea, kwa sharti moja: asiteremke bila tawi. Kalunde akaapa.

Siku ya majaribio, gari likawapandisha pamoja na wageni mpaka juu, mahali miti imeisha na baridi inauma masikio. Kalunde akapewa baiskeli mpya ya gia, breki safi. Naye akafunga nyuma tawi alilotoka nalo kwao Machakos! Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakaanza kushuka. Lo, vumbi! Walio nyuma yake hawakuona hata mikono yao.

Njogu, kiongozi wa msafara, akasimamisha watu wote. "Wewe dada, toa hiyo takataka ama urudi kwenu!"

Jamani, kazi ile Kalunde aliitaka sana. Lakini alimkumbuka mamake akikaza kamba. Akasema, "Wacha nikae nyuma ya kila mtu. Hilo vumbi nitalikula mimi."

"Haya, fika wa mwisho," Njogu akamjibu. "Tuone nani atakuandika kazi."

Wakashuka! Kona juu ya kona, mawe yakiruka, upepo ukipuliza mashavu, wageni wakipiga mayowe ya raha! Kalunde nyuma, taratibu, na tawi lake. Kwenye kona moja akaona alama ya tairi imetoka nje ya barabara. Akasimama. Chini, ndani ya nyasi ndefu, palikuwa na mgeni amelala, mguu umevunjika, sauti imemkauka. Walio mbele hawakuwa wamemwona akianguka.

Njogu aliporudi juu na gari kuwatafuta, alimkuta Kalunde amemfunika mgeni koti lake, na mguu ameufunga kwa lile tawi. Mgeni akapakiwa. Kalunde je? Alikataa kupanda baiskeli bila tawi! Aliisukuma kwa miguu hadi chini, na Njogu akatembea naye.

"Kuanzia leo, wewe ndiye wa mwisho," Njogu akamwambia. "Kila safari."

Na ikawa hivyo, wasikilizaji. Kila safari Kalunde aliteremka wa mwisho, na hakuna mgeni aliyeachwa mlimani. Mwezi uliopita, mwaka huu wa 2008, nimonia ikamchukua akiwa nyumbani kwao Mua.

Ibada ilifanywa kanisani juu ya kilima, na kaburi lilikuwa shambani, chini. Njogu na wenzake walikuja na baiskeli zao. Kawaida gari la jeneza hutangulia, na dereva alikuwa tayari amewasha. Nzisa akasimama mbele ya gari.

"Kalunde hatangulii," akasema. "Hao waende kwanza."

Akazunguka nyuma ya pikapu, akafunga tawi la mukau kwa mikono yake. Akakaza kamba, akaivuta kuona kama imeshika. Baiskeli zikashuka zote. Kalunde akafuata, na vumbi lake.

Mama Nzisa, pole sana. Njogu na wenzako, poleni. Nanyi wasikilizaji wapendwa, jioni hii, kabla hujafunga mlango, geuka uangalie njiani. Nani hajafika?