Simu Sita za Kwaya

Basi letu lilipotoka Biharamulo, kijana mwenye ovaroli iliyoandikwa FUNDI HABONIMANA alikuwa amepakata mashine yake ya kupimia magari kama mtoto mgonjwa. Mama aliyekaa naye, baada ya shikamoo na marahaba, akamwuliza inaumwa nini.

"Hii nzima, mama. Mgonjwa ni Noah ya kanisa kule Kaniha. Nachomeka mashine, haiwaki, haisomi kitu. Kompyuta ya gari imekufa. Nafuata nyingine Benaco."

Mama akashusha sauti, ingawa tulimsikia wote. "Ile ya kijani? Mimi ni wa kwaya ya hapo. Jumamosi tulichomeka simu sita pale pa kuchajia ndani ya gari, na mchungaji alishakataza. Pakanuka, pakazima. Fyuzi umeangalia?"

"Fyuzi ya simu na kompyuta, wapi na wapi?"

"Mashine yako si inakula umeme wa gari? Labda inakula sahani moja na simu zetu."

Fundi akacheka, lakini nilimwona akiugeuzageuza waya wa mashine.

Benaco basi likasimama. Akashuka akisisitiza kwamba kompyuta imekufa, hakuna mjadala. Mama akatoa kichwa dirishani: "Na mchungaji akikuuliza, mwambie hivyohivyo!"