Blauzi ya Kroshia Iliyokataa Kuvulika

Tarumbeta: Usikate! Usithubutu kukata! Umeiona simu ikilia, ukaifunika na mto, ukatazama pembeni. Nakujua. Jana ulipokuja getini kazini kuomba siku zaidi za kupumzika, vilevile, nimekuita mpaka mlinzi akaitika, wewe macho chini kama umeangusha sindano mchangani.

Mpiga Pasi: Haloo... nani mwenzangu?

Tarumbeta: Nani mwenzako! Mke wa kaka yako, nani mwingine ana sauti hii?

Mpiga Pasi: Aa, wifi. Salama huko?

Tarumbeta: Salama yangu imeishia kwapani.

Mpiga Pasi: Mbona unasikika kama uko ndani ya gunia?

Tarumbeta: Niko ndani ya blauzi. Ya kroshia. Nimeifuma mwenyewe, nimeijaribu, imekwama. Mikono iko juu, kichwa hakijatokea, haishuki wala haipandi. Nguo nzima ni matundu, lakini tundu la maana ni moja tu, na limepata pua. Hiyo pua ndiyo iliyokupigia.

Mpiga Pasi: [anakohoa]

Tarumbeta: Unacheka.

Mpiga Pasi: Sicheki. Nakohoa.

Tarumbeta: Kikohozi cha machozi hicho.

Mpiga Pasi: Uko wapi, mama wee? Watoto wasikuone.

Tarumbeta: Watoto gani? Niko kazini! Stoo ya mashuka, nimefunga mlango kwa ndani. Wenzetu wanakula. Wakimaliza tu, tajiri anaingia.

Mpiga Pasi: Tajiri gani?

Tarumbeta: Mwenye dobi mwenyewe, na tumbo lake. Ungesikiaje habari, nawe tangu wiki iliyopita umelala pazia limeshushwa? Tulimwambia haya makoti ya nailoni yanatupika. Mvuke wa pasi huku, jua la kiangazi kwenye bati kule, nawe umefungwa vifungo mpaka kooni kama soseji. Akasema haya, nileteeni mfano wa sare nyepesi, rangi ileile ya bluu. Akiupenda, tunavaa wote. Asipoupenda, nailoni. Leo ndiyo leo.

Mpiga Pasi: Na huo mfano ukaufuma wewe.

Tarumbeta: Ningefanyaje? Fundi wa kroshia ni wewe, kwako hata redio imevaa kitambaa. Nimekuja mlangoni, mumeo ananiambia umelala. Nikarudi, bado umelala. Shemeji hajui kudanganya, alikuwa anatazama dari.

Mpiga Pasi: Lakini mimi nilikufundisha kufuma mnyororo wa vitanzi tu, tena kwenye foleni ya kliniki.

Tarumbeta: Ukishajua mnyororo, mengine si ni kuongeza juhudi?

Mpiga Pasi: Ulipima kwanza kipande kidogo?

Tarumbeta: Nipime nini? Mwili wangu, naujua.

Mpiga Pasi: Na ukifika mwisho wa mstari, kabla hujageuza, uliongeza vitanzi vya kupandia?

Tarumbeta: Kupanda kwenda wapi?

Mpiga Pasi: Mungu wangu. Usipoongeza, kila mstari unapoteza kidogo pembeni. Wifi, umefuma pembetatu.

Tarumbeta: Na mimi nikadhani ni kiuno!

Mpiga Pasi: Kiuno shingoni?

Tarumbeta: Kila mtu na umbo lake. Usinitukane wakati sioni.

Mpiga Pasi: Haya, tulia. Kroshia huvutika. Uzi si ule mwembamba wa pamba? Jinyooshe taratibu, itaachia.

Tarumbeta: Hauvutiki. Umekaza.

Mpiga Pasi: Umekazaje? Nilikwambia ushike uzi kama umeshika kifaranga.

Tarumbeta: Ningeshika kifaranga vipi, na huku nakumbuka?

Mpiga Pasi: Unakumbuka nini?

Tarumbeta: Yote! Nimeanza na pindo, akanijia akilini yule msimamizi wa kwanza, aliyepigilia madirisha misumari ati vumbi linaingia. Hilo pindo ukiliweka mezani linasimama lenyewe kama sufuria. Tumboni nikakumbuka feni iliyopelekwa kutengenezwa. Aliyeipeleka ameshastaafu, feni bado iko njiani. Yaani we acha, mkono ulikuwa unavuta wenyewe.

Mpiga Pasi: Hakuna hata mahali palipolegea?

Tarumbeta: Papo, ubavuni. Hapo nilikumbuka siku nyuki alipomuuma msimamizi huyu wa sasa kwenye ulimi, akashinda bubu.

Mpiga Pasi: [anacheka] Akawa anatuamrisha kwa kichwa!

Tarumbeta: Hapo hata ngumi inapita! Ningemkumbuka nyuki peke yake, saa hizi nimeshavaa na kuvua.

Mpiga Pasi: Na hapo kifuani, ulipokwama?

Tarumbeta: Kifuani...

Mpiga Pasi: Wifi? Mtandao?

Tarumbeta: Hapo ni siku ulipoanguka kwenye meza ya pasi.

Mpiga Pasi: Niliteleza.

Tarumbeta: Haloo? Inakwaruza, sikusikii.

Mpiga Pasi: Nimesema niliteleza! Msimamizi aliuliza kama nimeteleza, nikasema ndiyo. Yakaisha.

Tarumbeta: Sakafu ilikuwa kavu. Mimi ndiye niliyekufungua lile koti, wifi. Vifungo vilikuwa vinaunguza vidole. Nilipofika mistari hiyo sindano ikakataa kuingia. Ya mbao ikavunjika, nikatafuta ya chuma.

Mpiga Pasi: Mistari mingi?

Tarumbeta: Kifua chote.

Mpiga Pasi: Wakisikia mpiga pasi anazimia, wifi, watatafuta asiyezimia. Wewe unapiga kelele, wamekuzoea. Mimi nikisema neno moja, kesho ninakaa nyumbani moja kwa moja.

Tarumbeta: Kwa hiyo getini ukatazama chini.

Mpiga Pasi: Usinihubirie.

Tarumbeta: Nihubiri vipi na uzi mdomoni? Nakwambia tu, yule binti mpya wamemweka kwenye pasi yako. Leo asubuhi nimemwona anashika ukuta.

Mpiga Pasi: Yule mdogo mdogo?

Tarumbeta: Huyo huyo. Ameambiwa ni njaa, anywe chai. Ngoja— kuna mtu mlangoni. Nani? Tunapanga mashuka! ... Wifi! Ni msimamizi. Anasema tajiri amewahi, wako naye hapo nje, anataka mfano.

Mpiga Pasi: Huna mkasi hapo?

Tarumbeta: Nikikata nimwonyeshe nini? Tambi?

Mpiga Pasi: Fumua mshono wa ubavuni basi, tafuta ncha ya uzi—

Tarumbeta: Kwa mikono ipi? Yote miwili iko juu kama nimekamatwa! Nikitoka hivi atacheka, wifi. Atacheka mpaka ashike tumbo, kisha ataondoka, na sisi tutabaki na nailoni yetu. Nimewaharibia wenzangu. Kweli nimewaharibia.

Mpiga Pasi: Usilie.

Tarumbeta: Silii. Uzi unawasha.

Mpiga Pasi: Simu umeiweka wapi?

Tarumbeta: Kwenye rafu, mbele ya mlango. Iko spika.

Mpiga Pasi: Sauti yangu inatoka vizuri?

Tarumbeta: Inatoka. Kwa nini?

Mpiga Pasi: Salio lipo?

Tarumbeta: Linapumua kwa shida. Wifi, unataka kufanya nini?

Mpiga Pasi: Blauzi nitafuma mimi, nyepesi kama pumzi, naanza leo hii. Hiyo mwachie aicheke, akishacheka atakuwa amesimama kimya. Halafu nitaongea mimi.

Tarumbeta: Uongee? Wewe?

Mpiga Pasi: Sauti yako ameizoea kama mlio wa mashine. Ya kwangu hajawahi kuisikia.

Tarumbeta: Msimamizi yupo naye. Atasikia kila neno.

Mpiga Pasi: Asikie. Nitasema lile koti lilivyo likifungwa, nilivyoona giza, na jinsi nilivyoulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa limeshawekwa. Nikimaliza, tajiri anieleze kuhusu yule binti.

Tarumbeta: Wifi...

Mpiga Pasi: Bado wanagonga?

Tarumbeta: Wanagonga.

Mpiga Pasi: Mbona umesimama sasa? Sogea. Tumia kiwiko, tumia goti, tumia hiyo pua. Fungua mlango, wifi. Fungua sasa hivi!