Vyumba Vitatu Vilivyowashwa kwa Heshima ya Mkaguzi

Risala ya wafanyakazi wa chumba cha kompyuta, chama cha ushirika cha pamba, Bariadi, kwa Mkurugenzi wa kampuni ya programu kutoka Dar es Salaam. Msimu wa pamba, 1996.

Mgeni rasmi, Mkurugenzi. Meneja wetu, Bwana Kristofa. Wazee wa bodi mliotoka Dutwa na Sapiwi na vumbi bado liko viatuni. Akina mama na akina baba: mwangaluka.

MAKARIBISHO

Tunafurahi kwamba umefika. Tuliambiwa utakuja wiki iliyopita, tukafagia. Hukuja, tukafagia tena leo.

Anayekusomea ni Violeth Mwandu, mfagiaji wa chumba cha kompyuta. Kila mwaka risala husomwa na msimamizi wetu, Bwana Januarius, ila mwaka huu tumeona apumzike. Sababu utaisikia.

Mgeni rasmi, hapa kwetu mgeni hapokelewi kwa maneno matupu. Akitarajiwa nyumbani, ng'ombe hurudishwa mapema kutoka malishoni ili awakute wote zizini, hata wale wa jamaa ambao tunawatunza tu. Mgeni hawahesabu. Hutazama, husema, "Hapa pana mji," kisha huletewa maji ya kunawa. Tunaomba ulishike jambo hili, maana tutalirudia.

HISTORIA

Mashine yetu ililetwa na lori enzi ambazo pamba yote ya wilaya ilipita mikononi mwa ushirika. Ina ukubwa wa makabati matatu ya nguo, na ina kiyoyozi chake. Meneja hana.

Ndani yake kuna programu ya kampuni yako, ambayo huigawa mashine hiyo moja ikafanya kazi kama mashine nne, kila moja ikijiona iko peke yake. Sisi tunaziita vyumba. Cha kwanza kilikuwa cha malipo ya wakulima, cha pili cha pembejeo, cha tatu cha maduka, cha nne cha malori.

Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakatundika mizani yao ng'ambo ya barabara, mbele ya yetu. Pembejeo zikahamia kwa wafanyabiashara wa mjini, maduka yakafungwa, malori yakauzwa. Vyumba vitatu vikakosa kazi, tukavizima. Leseni yako, kama tulivyoelezwa, hulipwa kwa kila chumba kinachowaka na kwa kila jina linalokitumia, tena kwa dola. Kwa chumba kimoja tuliimudu kwa shida, lakini tuliimudu.

MAFANIKIO

Chumba cha malipo hakijawahi kumdhulumu mkulima. Mwendeshaji wake ni Eufrasia Bujiku, mjane, mama wa watoto wawili. Mashine ikinguruma vibaya yeye husikia kabla ya fundi. Akina mama wa Sapiwi wakija dirishani humwita kwanza yeye: "Mayu, mama, nitazamie." Naye hutazama.

Mafanikio mengine hatunayo kwa sasa.

MATATIZO

Mwaka jana ilikuja barua kwamba kampuni yako inamleta mkaguzi, Bwana Hamimu. Bwana Januarius alikosa usingizi. Siku ya kumpokea alimkuta Eufrasia amekaa mbele ya mashine, akamwambia, "Washa vyote."

"Vyote vipi, baba? Vile vitatu ni vitupu."

"Mtu ametoka Dar es Salaam kuja kuona mashine yetu, nawe unataka akute zizi lenye ndama mmoja?"

"Lakini huyu si anakuja kukagua?"

"Anakagua kama tunaijali. Washa, mama. Usitutie aibu."

Eufrasia aliwasha. Vyumba vikawaka, lakini kila kimoja kilionyesha kwamba hakina mtumiaji hata mmoja, na Bwana Januarius akaona hiyo ni aibu kubwa kuliko kuvizima. Akaagiza vijazwe majina. Katika chumba cha maduka tuliingiza timu yetu ya mpira pamoja na wachezaji wa akiba. Katika chumba cha malori tuliingiza kwaya. Ilipofika zamu ya pembejeo, majina ya watu yalikuwa yametuishia na gari la mkaguzi limeshapiga honi getini. Eufrasia alifikiri kidogo, akaandika ng'ombe wa baba yake: Paji, Mkia, Pembe Moja, Mama Mkali, na wenzao.

Bwana Hamimu alikuwa mtu wa adabu. Alikunywa soda, akatazama kila chumba, akauliza, "Hivi vyote mnavitumia?"

"Vyote," alijibu Bwana Januarius, "na kama kingekuwepo cha tano, tungekitumia."

"Na huyu Mama Mkali, yuko idara gani?"

"Pembejeo," alisema Eufrasia kwa sauti ndogo. Na kweli, mbolea hutoka kwake.

Mkaguzi aliandika. Sisi tulisubiri aseme kwamba hapa pana mji. Alisema, "Asanteni kwa ushirikiano."

Bili ilipokuja, ilikuwa ya vyumba vinne, pamoja na malimbikizo ya miaka yote ambayo vitatu vilikuwa vimezimwa. Timu ya mpira ilitozwa, na wachezaji wa akiba wakatozwa sawa na wengine. Kwaya ilitozwa. Ng'ombe walitozwa. Tunavyojua, hao ndio ng'ombe pekee wa wilaya hii wenye leseni ya kompyuta, na Pembe Moja alishauzwa mnadani kabla leseni yake haijafika.

Bodi ilikaa. Ikaonekana kwamba vidole vilivyowasha vyumba ni vya Eufrasia, naye akasimamishwa kazi bila mshahara. Bwana Januarius alikwenda kwa Meneja akasema, "Mimi ndiye niliyemwagiza." Akaambiwa wote wawili hawawezi kusimamishwa, mashine itabaki bila mtu. Tangu hapo Bwana Januarius anaiendesha mwenyewe, na foleni ya wakulima inafika barabarani. Wengine huchoka kusubiri, wakavuka kwenda kwa wanunuzi wa ng'ambo.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba hesabu irudiwe, na ifuate kile tunachotumia: chumba kimoja na watumiaji wake, ambao ni watu. Tukitozwa kwa vinne, mashine itazimwa kabla ya msimu kwisha, nawe hutapata hata leseni ya hicho kimoja.

Hatusemi mkaguzi wako alikosea. Aliandika alichoonyeshwa, nasi tulimwonyesha kile ambacho mgeni huonyeshwa.

Ombi la pili linalifuata hilo la kwanza. Meneja wetu, anayekaa kulia kwako, alisema mbele yetu sote kwamba bili ikifutwa, Eufrasia atarudi siku hiyo hiyo. Tunamwomba asiyasahau maneno yake, naye anatikisa kichwa kukubali. Wabeja, asante sana, Bwana Kristofa.

HITIMISHO

Ukimaliza kutusikiliza utapelekwa kuiona mashine. Utakuta chumba kimoja kinawaka na vitatu viko gizani. Tafadhali usione kwamba tumekudharau. Imetuuma kukupokea hivyo, na Bwana Januarius amekwenda kukaa nyuma ya ghala ili asishuhudie.

Baada ya hapo utakula nasi. Eufrasia ndiye aliyepika, nje ya uzio, kwa kuwa bado haruhusiwi kuvuka geti. Chakula kimepitishwa dirishani, lile lile ambalo wakulima humwitia. Mbuzi ni mmoja. Tunaomba aandikwe mmoja.

Mungu akurudishe salama kwako, ukute watu wako wazima na mvua imenyesha kwa kiasi.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Kompyuta, pamoja na Eufrasia Bujiku aliye nje ya geti,
Bariadi.