Alama Nyeusi za Shimo la Nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti mpya, ambaye kuanzia kesho lawama zote ni zako, Nahodha wa wanawake, wanakamati wenzangu, wanachama, wafanyakazi wa jikoni, wa kibandani na wa uwanjani, na wewe uliyekaa karibu na mlango kana kwamba unataka kuondoka kabla ya chai: nawasalimu nyote.

Ratiba inasema nizungumze kwa dakika kumi kuhusu mpango mpya wa alama za kuanzia, kisha niagwe. Nilifundisha sarufi kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo sikumwona mtu aliyeahidi kusema machache akayasema machache. Kwa hiyo siahidi. Naomba tu simu zizimwe.

Kwa wageni wasiocheza gofu, nieleze kwanza. Kila shimo lina mahali pa kuanzia, na mahali hapo huwekwa alama za rangi: nyekundu mbele, njano katikati, nyeusi nyuma kabisa. Anayepiga mbali huanzia nyuma, na asiyepiga mbali huanzia mbele, ili wote wawili wafike penye bendera ya shimo kwa mikwaju inayokaribiana, na wafike pamoja. Ni jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angelielewa. Mbona basi klabu hii imechelewa miaka mingi kiasi hiki kulikubali? Kwa sababu ya Mwenyekiti wenu anayestaafu leo.

Miaka ishirini na sita iliyopita nilishinda kombe la klabu. Jina langu liko ukutani nyuma yenu. Msigeuke, halijabadilika. Desturi yetu ilisema kwamba aliyeshinda kombe ana haki ya kuanzia alama nyeusi maisha yake yote. Haikusema kwamba ni lazima. Tofauti kati ya haki na lazima niliifundisha kwa wengine, lakini mwenyewe sikuifuata.

Kwa miaka kumi na tisa nilicheza kila Jumamosi na mtu mmoja. Mnamwita Fundi Saa, kwa sababu ana duka la kutengeneza saa, lenye kaunta ya kioo na kiti kimoja cha mteja. Hakuwahi kushinda kombe lolote. Alianzia nyuma kwa kuwa desturi ilimruhusu mshindi kumwalika mwenzake huko. Mke wangu alipofariki, nyumba ilijaa watu wiki nzima, kisha ikabaki tupu. Fundi Saa hakunipa pole hata siku moja. Jumamosi iliyofuata aligonga mlango, akauliza, "Mwalimu, viatu vyako viko wapi?" Nikaenda kuvitafuta.

Shimo la nne mnalijua. Mbele ya alama nyeusi kuna bwawa, na mpira hauvuki usiporuka mita mia moja na sitini. Zamani mpira wangu ulivuka na kuzidi. Baadaye ukawa unavuka kwa shida. Baadaye ukaacha kuvuka, nami nikaanza kubeba mipira mikuukuu kwa ajili ya shimo lile tu. Je, mtu anayebeba mpira wa kutupa majini hajakubali moyoni kile ambacho mdomo wake unakikataa?

Miaka minne iliyopita, katika ukumbi huu huu, Fundi Saa alinijia na karatasi mkononi.

"Mwalimu, leo nimetupimia muda. Tumetumia saa tano na dakika kumi na mbili. Dakika arobaini zote tulikuwa tunatafuta mipira yako."

"Mipira yetu," nikamsahihisha.

"Yako. Wangu nilijua uliko. Uko bwawani."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Twende kwenye njano, ndugu yangu," akasema. "Tukacheze kama binadamu."

Nikamjibu mbele ya wote, "Kama umezeeka, nenda ukacheze na wajukuu zako."

"Wajukuu zangu angalau wananisemesha njiani," akasema. "Wewe ukishatoka shimo la nne, unanuna mpaka la tisa."

Jumamosi iliyofuata alianzia njano, mimi nikaanzia nyeusi, katika kundi lile lile. Nilipiga kwanza, kisha nikasimama kuutazama mgongo wake ukienda mbele. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alifika penye bendera kabla yangu, akakaa juu ya mfuko wake wa fimbo, akanisubiri. Mimi sikuweza kuvumilia kusubiriwa.

Jumatatu niliandika kanuni: "Wachezaji wa kundi moja wataanzia alama za rangi moja." Nilisema ni kwa ajili ya utaratibu wa uwanja. Kamati iliipitisha bila mjadala, kwa kuwa niliwatazama wanakamati kama nilivyozoea kulitazama darasa. Wala haikuhusu utaratibu. Niliandika maneno tisa ili kumlazimisha mtu mmoja arudi nyuma nilipo.

Fundi Saa aliikuta ubaoni pale kibandani tunapojiandikisha kucheza. Akatoa kile kioo chake kidogo cha kazi, akakibana jichoni, akaisoma kanuni yangu kama anavyotazama saa iliyokufa. Akasema, "Imeandikwa vizuri, Mwalimu. Sioni kosa." Akachukua mfuko wake, akaenda kuanzia njano pamoja na watu wengine.

Wenye haki ya alama nyeusi tulikuwa tumebaki watatu. Mmoja alihama, mwingine magoti yakamshinda. Kwa miaka minne, basi, nimecheza peke yangu. Je, mnajua gofu ya mtu mmoja ilivyo? Ukipiga vizuri hakuna shahidi. Ukipiga vibaya hakuna wa kukucheka. Unaipangusa fimbo polepole ili muda upite. Unafika nyumbani saa sita mchana ukiwa hujasema neno tangu ulipomsalimu mama wa kibandani.

Mwaka jana nilimpelekea Fundi Saa saa yangu ya mkononi. Aliifungua, akaichungulia, akaniandikia karatasi. "Njoo Alhamisi, mzee," akasema. Mzee. Ndivyo anavyowaita wateja. Alhamisi niliikuta saa imepona, na tangu siku hiyo haijanipa sababu nyingine ya kwenda dukani.

Miezi mitatu iliyopita msimamizi wa majani alinisimamisha pale shimo la nne. Ni mtu mpole, alivua kofia.

"Samahani, Mwenyekiti. Pale nyuma huwa nakata majani kila Ijumaa."

"Unafanya vyema."

"Nakata kwa ajili yako peke yako. Hakuna mwingine anayepakanyaga. Nilitaka kuuliza tu, niendelee?"

Nilitazama chini. Umande ulikuwa bado haujakauka, na juu yake palikuwa na nyayo zangu tu, za kwenda na za kurudi. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Hata jibu la ndiyo au hapana nilitaka kulijengea aya.

Jumatatu yake, uwanja ulipokuwa umefungwa, nilikwenda kwenye alama za njano za shimo la nne. Nilitazama huku na huku kama mwizi. Nikapiga. Mpira ulipanda, ukavuka maji, ukadondoka katikati ya majani makavu ng'ambo. Nikageuka nyuma nikasema kwa sauti, "Umeona?"

Hapakuwa na mtu. Nilisimama pale kwa muda, mkono wangu ukiwa bado umenyoosha kidole kule mpira ulikoangukia.

Ndugu zangu, mpango mpya ndio huu, na sitaurembesha. Kuanzia kesho kila mtu ataanzia alama zinazolingana na umbali anaopiga. Si umri wake, si jinsia yake, si jina lake ukutani. Wa nyekundu na wa nyeusi watatembea katika kundi moja wakitaka. Kanuni yangu ya maneno tisa nimeibandua leo asubuhi kwa mikono yangu, na msimamizi wa majani nimemjibu: asiendelee.

Wanakamati, nawashukuru kwa uvumilivu, ingawa siku ile mlipaswa kunipinga. Wafanyakazi, nawashukuru kwa kulikata jani lisilokanyagwa. Mwenyekiti mpya, nakuachia ufunguo wa kabati. Unakwama kidogo, uuzungushe kushoto kwanza.

Nimeweka nafasi mbili kwa ajili ya kesho, saa moja asubuhi, alama za njano. Mama wa kibandani aliniuliza jina la pili aandike nani. Nilimwambia auache mstari wazi, kwa kuwa nimewaandikia watu mambo ya kutosha bila kuwauliza. Sitaagiza, sitatunga kanuni. Nitakaa juu ya mfuko wangu, nami safari hii nitasubiri.

Nawashukuru nyote mlionisikiliza. Mmoja wenu nitamshukuru kesho, akija.