Kompyuta ya Busia Haisikii

Benchi letu liko Malaba, upande wa Kenya, nyuma ya vibanda vya ajenti wa kuvusha mizigo, mahali ambapo trela zikisimama hutupa kivuli cha bure na zikiondoka hutuachia moshi. Benchi ni langu, kahawa ni yangu na mandazi ni yangu, lakini maneno yanayosemwa hapo yana wenyewe. Wenyewe ni watatu. Mzee Egesa tunamwita Hali ya Hewa, kwa sababu kabla hajasalimia mtu huangalia mbingu. Owiti anaitwa Fundi tangu siku alipofungua redio ya kanisa, ambayo haijafungika mpaka leo. Oriokot ni Transiti: aliwahi kuwa utingo wa trela mpaka Juba, na hakuna jambo duniani ambalo hakuliona Juba likifanywa vizuri zaidi. Mimi ni Mama Vivianne. Nauza, naosha vikombe, nasikiliza. Kuamini ni kazi nyingine, na sina nafasi.

Asubuhi hiyo Mzee Egesa alifika akiwa ameridhika sana na nafsi yake. Kulikuwa na wingu jeusi upande wa Busia, na huku kwetu watu hawachezi na radi. Wingu likijikunja tu, kila nyumba yenye akili huchomoa televisheni, friji na chaja ya simu, na wengine hufunika vioo kwa shuka. Mzee alitueleza kwamba amempigia simu dada yake Truphena, anayefagia maofisi pale Busia mjini, akamwamuru achomoe kila kitu kilichoingia ukutani na asirudishe hata kimoja mpaka atakapompigia tena.

— Radi iliniulia ng'ombe, alisema. Hiyo kitu haiangalii mtu.

Tukampa pole ya ng'ombe, kama tunavyompa kila wingu linapotokea, naye akaagiza kahawa.

Kahawa haijapoa, Beryl akatoka kibandani akiwa amebeba laptopu yake wazi mikononi, kama mtu aliyebeba sufuria inayomwagika. Beryl anafanya kazi kwa ajenti mmoja anayeitwa Mathews. Mathews ana ofisi mbili, moja Busia na nyingine hapa Malaba, lakini kompyuta yenye programu ya kutuma karatasi za forodha ni moja tu, na iko Busia. Huku Malaba Beryl amewekewa programu nyingine ya kumfikisha kule bila kuinuka. Anaandika nambari, kioo cha Busia kinatokea mbele yake, na anaiendesha ile mashini kana kwamba amekaa nayo. Mathews aliusifu sana mpango huo, maana ulimwondolea haja ya kuajiri karani wa pili. Siku hiyo Mathews alikuwa matangani Budalang'i, na simu yake haikuwa ikipatikana.

Nyuma ya Beryl alisimama Okwi, dereva, na nyuma ya Okwi ilisimama pikapu yake imejaa maboksi yenye matundu. Ndani mlikuwa na vifaranga vya siku moja, vya mama mmoja wa Tororo. Vilikuwa vikilia vyote pamoja, sauti nene kama mvua juu ya bati. Bila karatasi havikuruhusiwa kuvuka, na jua lilikuwa limeshapanda.

— Imegoma, Beryl alisema. Inaniambia kompyuta ya Busia haiko hewani.

Angewaambia mafundi wa mjini, labda wangemwuliza maswali. Aliwaambia watu wa benchi, nao walikuwa na majibu.

Fundi alianza. Aliomba kujua laptopu ni ya lini. Beryl akasema ni mpya. Na ile ya Busia? Ya zamani, bosi aliinunua ikiwa imetumika.

— Hapo ndio shida iko, Fundi alisema. Mtoto anamwita mzee kwa jina, unataka mzee aitike? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Dawa yake ilikuwa kuirudisha laptopu utotoni kabisa kisha kuilea upya. Beryl, ambaye alikuwa ameshajaribu kila alichokijua, aliifuta ile programu akaiweka tena. Kisha akatafuta ile ya zamani, inayolingana umri na mashini ya Busia. Jibu likawa lilelile. Okwi akaenda kuangalia vifaranga, akarudi.

Transiti alikuwa amemngoja Fundi ashindwe, kwa adabu. Akaeleza kwamba hapa Malaba simu hushika mtandao wa Uganda bila kuuliza mtu, jambo ambalo ni kweli. Mimi mwenyewe nimekaribishwa Uganda na simu yangu nikiwa nakanda unga.

— Sasa hiyo laptopu inadhani iko Uganda, alisema. Busia inaona mgeni anabisha, hana pasi. Itafungua aje? Juba wangekuwa wameshaigonga muhuri.

— Boss, kompyuta haihitaji pasi, Beryl alisema.

— Dada, hata wewe ulisema hivyo juu ya ng'ombe, mpaka wakazuiwa.

Beryl hakuwahi kusema neno lolote juu ya ng'ombe, lakini hakuwa na muda wa kubishana. Aliingia kwenye saiba ya jirani, ambako mtandao unakuja kwa waya, akajaribu kwa kompyuta yao. Haiko hewani. Akajaribu kwa simu yake. Haiko hewani. Wakati huo nilimwambia Okwi aache kusimama kama shahidi, asogeze pikapu kwenye kivuli cha trela, atoe turubai na kuyapanga maboksi yaachane ili hewa ipite. Nimelea watoto, najua joto likoje likimpata mdogo. Alifanya haraka. Watu wa benchi walimtazama kwa huruma, kama mtu anayeshughulika na mambo madogo.

Fundi naye, ili heshima yake irudi, akatoa wazo ambalo mpaka leo nasema lilikuwa la maana. Alimwambia Beryl aiunganishe laptopu yake na kompyuta ya saiba, hapohapo, tuone. Ikakubali mara moja. Beryl aligusa laptopu yake akiwa kwenye benchi langu, na kule saiba mshale ukaanza kutembea wenyewe juu ya ratiba ya mazishi ambayo katekista mmoja alikuwa akiiandika. Katekista alitoka nje bila kofia.

— Fahali wawili hawakai zizi moja, Mzee Egesa alimweleza, na katekista akakubali, ingawa hakurudi ndani.

— Basi programu ni nzima, Beryl alisema polepole. Laptopu ni nzima, saiba ni nzima. Kwa hivyo shida iko...

— Barabarani, alimalizia Transiti.

Alikuwa amekwisha kuipata. Waya wa Busia, alisema, lazima ufuate barabara, kwani ungepita wapi? Na barabara imejaa trela za simiti zimesimama foleni. Uzito wote ule unaubana waya, habari inafika katikati inakwama. Ndiyo maana habari ya kutoka hapa mpaka saiba inapita: haina trela juu yake. Fundi aliikataa kabisa nadharia hiyo. Alisema uzito hauzuii habari, unaipunguza tu mwendo, na kwamba tukingoja kidogo ile nambari ya Beryl itafika Busia jioni.

— Haraka haraka haina baraka, alimalizia.

Okwi alisema vifaranga vinaanza kunyamaza.

Ilikuwa kweli. Ile sauti nene ilikuwa imepungua, sasa ungeweza kusikia kifaranga kimoja kimoja. Na trela iliyotupa kivuli ilikuwa imewashwa, dereva wake amepata karatasi zake, ikaondoka na kivuli chake. Nilifungua leso yangu ya kiunoni, na Okwi akatoa shati, tukatandaza juu ya maboksi ya mwisho.

— Wazee, Okwi alisema, akiwa na fulana, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wote watatu walimgeukia. Walimwambia kwa upole kwamba methali hiyo haihusiani kabisa na jambo hili, na kwamba mtu asikurupukie methali asizozijua.

Hapo ndipo Mzee Egesa alipoweka kikombe chini. Hakuwa ametoa nadharia hata moja, na hilo lilikuwa limewapa watu matumaini.

— Mathews ameenda matanga, alisema. Sivyo?

— Ndiyo, mzee.

— Basi. Ng'ombe wangu walikuwa hivyo. Mwenyewe akisafiri, hawatoi maziwa. Unaweza kukamua mpaka kesho, wanakuangalia tu. Hiyo mashini inajua mwenyewe hayuko. Inasikia mkono wa mwanamke, inafunga.

Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Fundi alisema hata mashini za kusaga huwa hivyo. Transiti alisema Juba walikuwa na jenereta iliyokuwa ikisikia sauti ya mtu mmoja tu. Wakaanza kujadili jinsi Beryl anavyoweza kuandika kwa mkono mzito zaidi, kama wa mwanamume mnene, na kama ingefaa Okwi akohoe karibu na laptopu, maana Mathews huwa anakohoa. Niseme ukweli: Beryl alikuwa amefika mahali pa kukubali. Nilimwona anamtazama Okwi.

Wakati huo mwenye vifaranga akafika. Alikuwa amengoja ng'ambo mpaka akachoka, akavuka daraja kwa miguu chini ya mwavuli. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu, akafungua boksi, akafungua la pili, akaanza kutoa vilivyokufa kimoja kimoja na kuvipanga kwenye kifuniko. Alivipanga vizuri, kama mtu anayepanga samaki sokoni. Kisha akaja kwenye benchi na kifuniko mkononi.

— Ssebo, alimwambia Mzee Egesa kwa heshima ya kwao Uganda, kwa sababu ndiye mkubwa, hiyo mashini inatuchelewesha iko wapi?

— Busia, walijibu wote watatu, wakiwa tayari kuendelea.

— Na huko Busia, nani anakaa karibu nayo?

Tulikuwa tumeizungumzia kompyuta ya Busia umri wake, uraia wake, barabara yake na huzuni yake. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba iko ndani ya chumba, na chumba kina mlango, na mlangoni kunaweza kuwa na mtu.

— Hakuna mtu, Beryl alisema. Ni mama wa kufagia tu.

— Mama wa kufagia hana jina?

— Anaitwa Truphena.

Fundi aliinama kutafuta kitu chini ya benchi. Transiti aliona lori ambalo hajawahi kuona. Mzee Egesa alipeleka kikombe mdomoni, na kikombe kilikuwa kitupu, lakini alimeza.

— Mpigie, mzee, nikamwambia.

Alisema hana salio. Nikampa simu yangu, nikaiweka kwenye spika mimi mwenyewe, maana namjua. Truphena alishika mara moja.

— Mama Vivianne, huyo kaka yangu yuko hapo? Mwulize kama nirudishe sasa.

— Urudishe nini? Mzee aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

— Si vitu vyenu vya ukuta? Kompyuta, birika, taa, yote nimechomoa. Uliniambia nisiguse mpaka useme. Nimekaa hapa mlangoni tangu asubuhi nangoja useme.

Hakuna aliyetazama mwenzake. Kwenye pikapu vifaranga vilivyobaki viliendelea kulia, kidogo kidogo.

— Rudisha, alisema Mzee Egesa.

Beryl alikuwa ameshakimbilia kibandani. Haikupita muda tukamsikia akisema kioo cha Busia kimetokea, halafu vidole vyake vikaanza kugonga, vidole vya mwanamke, na mashini ya Busia ikavipokea bila neno. Okwi alivaa shati lake na kuwasha gari.

Mwenye vifaranga hakuwa ameondoka. Aliielekeza midomo yake kwenye simu iliyokuwa bado mkononi mwangu.

— Nnyabo, mama, huko kwenu imenyesha?

— Mvua gani? Truphena alisema. Lile wingu lilipita zamani. Nimeanika hata matambara ya kupigia deki, yamekauka.

Simu ikakatika. Mama wa Tororo alisimama kidogo mbele ya benchi. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso ninaoujua, uso wa mtu ambaye bado ana kazi ya kufanya mpaka usiku.

— Sasa ssebo, alisema, hiyo radi imeua nini?

Mzee Egesa aliangalia mbingu. Zilikuwa nyeupe, hazina kitu. Fundi aliinama tena chini ya benchi. Transiti hakuikumbuka Juba. Mama yule alingoja jibu kwa heshima, kama mtu aliyeuliza ili ajue, na alipoona halipo, akakiweka kile kifuniko kwenye benchi, mahali pa Mzee, akapanda pikapu karibu na Okwi. Wakaenda kuchukua karatasi zao kwa Beryl, halafu darajani.

Benchi ni refu, lakini hakuna aliyetaka kukaa karibu na kifuniko, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kukiondoa. Walisimama. Baada ya muda Mzee Egesa alininyooshea kikombe, bila kuniangalia.

— Kahawa imeisha, nikamwambia.

Chupa ilikuwa imejaa nusu. Niliibeba na kwenda kuwauzia madereva wa foleni.