Mokrane Ait Zellal, Mwimbaji wa Ighil Tazart Aliyerudishwa Nyumbani

Ndugu na majirani, nanyi mliopanda mlima huu katika baridi hii kutusindikiza, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu kama familia inavyoyakumbuka. Yanasomwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake Djedjiga.

Marehemu Mokrane Ait Zellal, ambaye wengi wetu tulimwita Dda Mokrane, kama aitwavyo kaka mkubwa, alizaliwa tarehe 11 Novemba 1951 hapa Ighil Tazart, katika milima hii ya Wakabyle. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Said na mama Malha. Baba yake hakumfaidi. Mwaka 1958, vita vya uhuru vikiwa vimepamba moto, askari wa Kifaransa walimchukua mzee Said shambani akipogoa mizeituni, na mpaka leo kaburi lake halijulikani. Mama Malha aliwalea watoto wake wawili kwa kuchuma zeituni za watu na kufuma mablanketi. Alifuma akiimba, na mwanawe alikaa chini ya nyuzi akimwitikia. Hakuwa na mwalimu mwingine wa muziki.

Alianza shule baada ya uhuru, mwaka 1962, akiwa mkubwa kidogo kuliko wenzake. Alipenda hesabu. Lakini katika shule ile mtoto aliyesikika akisema Kikabyle, lugha yetu ya nyumbani, alisimamishwa ukutani hadi kengele ya kwenda nyumbani. Siku moja alimuuliza mama yake kama lugha yao ni matusi. Mama Malha alimwekea chakula, akamwambia ale kwanza. Mwaka 1968 aliacha masomo akaenda mjini Tizi Ouzou kujifunza ufundi wa redio kwa mjomba wake.

Ufundi huo ndio uliomlisha. Kuimba kulikuja pembeni, jioni, kwa mandoli, chombo cha nyuzi kama gitaa dogo, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kanda yake ya kwanza ilitoka mwaka 1974, na kwa kuwa haikupigwa kwenye redio alizozitengeneza yeye mwenyewe, madereva wa malori waliisambaza. Aliimba juu ya wajane wa vita waliosahauliwa, juu ya wanaume waliokwenda kuchimba makaa ya mawe Ufaransa, na juu ya mtoto aliyesimamishwa ukutani. Watu walilia, halafu wakaomba airudie.

Tarehe 23 Agosti 1979 alifunga ndoa na Ferroudja, binti wa kijiji cha ng'ambo ya bonde. Kwa kuwa bendi iliyoalikwa haikutokea, bwana harusi aliichukua mandoli akaimba mwenyewe. Wageni wakanogewa, naye akanogewa zaidi. Mwishowe akatumwa shangazi kutoka chumba cha ndani na ujumbe: "Mwambieni mwimbaji wenu bibi harusi amechoka kusubiri. Kama ameoa mandoli, mimi nirudishwe kwetu." Alipenda kusimulia kisa hiki, na kila alipokisimulia Ferroudja alimwambia ameongeza chumvi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tiziri na Amnay.

Baada ya maandamano ya lugha ya mwaka 1980 alikamatwa mara kadhaa, na mwaka 1985 alifungwa karibu miaka miwili. Ferroudja alisafiri kwenda kumwona, amebeba tini na mkate. Katika safari yake ya kwanza, askari aliwaamuru waongee lugha anayoielewa. Ferroudja hakuwa na lugha nyingine. Basi wakakaa wakitazamana mpaka muda wao ukaisha, akarudi nyumbani. Alipoulizwa na mama mkwe hali ya mumewe, alijibu, "Amekonda. Mengine tumeambiana kwa macho."

Masika ya mwaka 2001 vijana wetu wengi waliuawa kwa risasi za askari walipoandamana. Mmoja wao alikuwa Yuba, mtoto wa pekee wa Ouali, binamu wa Mokrane. Siku ya maziko wazee walimwomba Mokrane aimbe. Akaishika mandoli. Ouali akamzuia kwa mkono.

"Usiimbe, Mokrane," alisema. "Mwanangu ametoka nyumbani akiimba wimbo wako. Nyimbo tumezisikia. Sasa fanya kitu."

Mokrane aliirudisha mandoli kwenye mfuko wake, na hakupiga tena mbele ya watu. Alizunguka kijiji kwa kijiji, na mwaka uliofuata, pamoja na wenzake, akaanzisha vuguvugu la kutaka Wakabyle wajiamulie mambo yao wenyewe. Haitafaa kusema hapa kwamba sote tulimuunga mkono. Ndani ya ukoo huu watu waligawanyika, na wa kwanza kumpinga barazani alikuwa Ouali mwenyewe: "Niliomba haki ya mwanangu. Sikukuomba nchi nyingine." Mokrane alijibu kwamba yeye haoni jinsi ya kupata hiyo haki bila hiyo nchi. Tangu siku hiyo, watu waliokua wakila sahani moja walipishana njiani kwa salamu tu.

Mwaka 2009 alikwenda Paris kwa mkutano wa wiki moja. Akiwa huko, huku nyumbani hati ya kumkamata ikatolewa, na ile wiki ikawa miaka kumi na mitatu. Alipanga chumba juu ya duka la mikate, mchana akihutubia mikutano, usiku akitengeneza redio za majirani bure. Ferroudja alibaki kumtunza mama mkwe, na kila alipoomba pasipoti alinyimwa.

Mama Malha aliugua Januari 2014, theluji imefunga barabara. Ferroudja alimwekea simu sikioni.

"Umekula?" mama aliuliza.

"Nimekula, mama."

"Unarudi lini?"

"Karibuni."

"Hiyo karibuni yako naijua," mama alisema, bila hasira. "Vaa vizuri, huko kuna baridi."

Alizikwa tarehe 9 Januari. Ferroudja alitembea na simu nyuma ya jeneza hadi pale wanawake wanapoishia kwa desturi yetu, kabla ya makaburi. Upande wa pili hakusikia neno, ila pumzi za mumewe, na simu haikukatwa.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2019, na madaktari wakagundua saratani ya mapafu. Oktoba 2021 Ferroudja alipewa pasipoti hatimaye, akasafiri kwenda Paris. Alimkuta mzee mwembamba mwenye mvi, naye alimkuta mwanamke mwenye fimbo. Walichekana kwanza, ndipo wakalia. Hospitalini mkewe alimwomba amwimbie hata ubeti mmoja. Akasema hana pumzi. Ferroudja akaanza kuimba yeye, na mgonjwa, macho ameyafumba, akainua kidole: "Ubeti wa pili umeuruka." Aliaga dunia alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Februari 2022, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Wenzake wa vuguvugu walitaka azikwe Paris, kwa bendera na hotuba. Huku nyumbani serikali ilitoa ruhusa ya kumleta kwa sharti kwamba maziko yawe bila bendera, bila hotuba, na bila wimbo. Wenzake waliliona sharti hilo kuwa fedheha. Ferroudja aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Ninyi mmekuwa naye miaka yote hii. Mimi nilikuwa naye kwenye simu. Sasa anakuja nyumbani." Ndiyo sababu leo, Jumamosi tarehe 19 Februari, hamsikii ila usomaji huu.

Jana asubuhi vijana walipofika makaburini na majembe yao walimkuta Ouali amekwisha kuchimba hadi kiunoni, kando ya kaburi la mama Malha. Walimwomba atoke, ana umri mkubwa. Alisema kazi hii ni yake, wampe maji tu.

Marehemu ameacha mke, Ferroudja; watoto, Tiziri na Amnay; wajukuu watatu ambao hakuwahi kuwapakata; dada yake, Djedjiga; na binamu yake, Ouali.

Mungu amrehemu Dda Mokrane, ampumzishe kwa amani karibu na mama yake, na asiwepo tena wa kumuuliza ameingia kwa ruhusa ya nani.